Bani la Kwenye Kichuguu

Tulipomzika baba, waombolezaji walizunguka nyuma ya nyumba pale Nsemulwa na kurudi na swali lilelile. "Kile ni choo?" Wengine walidhani ni tanuri la mikate. Mjomba mmoja, mtu wa heshima zake, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama marehemu alikuwa ameanza kujijengea kaburi. Nilichoka kueleza. Kilikuwa kibanda cha tofali mbichi kilichofika kifuani, kina tundu mbele na tundu nyuma, na kilikuwa bani. Mzee wa umri ule, magoti yameisha, kifua kinapiga mluzi, tumemhamishia mjini apumzike karibu na hospitali, na bado alikuwa anajenga bani la kukaushia tumbaku. Tumbaku yenyewe alikuwa ameipanda kando ya mfereji wa maji ya kuogea, miche michache isiyotosha hata kumshibisha mbuzi.

Ndani ya kile kibanda nilikuta furushi la gunia limefungwa kwa kamba ya katani. Nililifungua sebuleni, na harufu ikatoka kama mtu aliyekuwa anangoja mlango ufunguliwe: asali, moshi wa mbali, na kitu kama ganda la ndizi mbivu. Mama alikuwa kwenye mkeka katikati ya wanawake wenzake. Alifumba macho.

"Hilo litoe humu ndani," akasema.

"Nilitupe?"

"Nimesema ulitoe. Sijasema ulitupe."

Ndivyo alivyoishi naye miaka yote ile, na sasa nataka kueleza msimu mmoja nilipokuwa mdogo, kwa sababu watu wananiuliza baba alikuwa mtu wa namna gani na kila nikijaribu kujibu napandwa na hasira.

Tulikuwa tunaishi Kasokola. Baba alizaliwa na watu waliotoka Burundi, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi, akapata uraia akiwa mtu mzima. Mama ni Mbende wa Kakese. Tulilima mahindi na karanga kama kila mtu, na tumbaku kama wengi. Nyie wa umri wangu mliokulia vijijini huku kwetu hamhitaji kuelezwa bani ni nini. Kwa wengine: ni nyumba isiyo na dirisha. Majani mabichi hufungwa kwenye fito, fito zinapangwa ndani juu kwa juu, halafu moto unawashwa kwenye mdomo ulio nje. Joto linaingia kupitia bomba la bati linalozunguka ndani na kutokea nyuma. Bomba likiwa zima, moshi unapita zake na majani yanabaki na joto peke yake. Bomba likitoboka, umekausha migebuka, wale samaki wa ziwani.

Majirani walijenga mabani yao kwa tofali za kuchoma na kwa vipimo vya bwana shamba wa chama cha ushirika. Baba alivisikiliza vile vipimo kwa adabu yote, akashukuru, akaenda kujenga la kwake. La kwanza lilikuwa la miti na udongo. Mvua ilinyesha mchana mmoja likapiga magoti, kisha likalala. La pili lilikuwa na bomba la madebe ya mafuta aliyoyaunganisha kwa misumari na matumaini. Tumbaku ikatoka nyeusi, inanuka jiko. La tatu, ambalo ndilo ninalosimulia, alilichimba ndani ya kichuguu.

Kilikuwa kichuguu kikubwa kama nyumba, mwisho wa shamba letu, na baba alikuwa amekitazama muda mrefu. "Mchwa ndiye fundi," alimwambia mama wakati wa chakula. "Umeshawahi kuona kichuguu kimeanguka kwa mvua?"

"Na wewe umeshawahi kuona mchwa wanakausha tumbaku?" mama akamuuliza.

Baba alikula tonge lake. Kesho yake alianza kuchimba.

Kuchimba peke yake kusingekuwa neno. Tatizo lilikuwa kwamba bani lile lilihitaji vitu, na baba kila kitu aliona kimeshapatikana, kipo nyumbani. Neno lake lilikuwa "kuazima". Aliazima karai la mama la kufulia, likaenda kuchanganyia tope na halikurudi. Aliazima chaga za kitanda changu, zikawa fito, mimi nikahamia mkekani. Aliazima mlango wa banda la kuku, na kicheche akapata habari. Kuni zilikuwa jambo lingine. Mimi na mama tulikwenda porini na kurudi na mizigo, na kila mzigo tulioutua pale kichuguuni baba aliutazama kama mtu aliyeletewa chumvi bila ugali. "Linakula sana hili," alikuwa anasema, kwa sauti ya mzazi anayejivunia mtoto.

Halafu akaazima mabati ya jikoni.

Mama alikuwa amekwenda kisimani. Aliporudi na ndoo kichwani, jiko lake lilikuwa limebaki kuta na mbingu. Akatua ndoo polepole, akaniangalia mimi niliyekuwa nimeachiwa ujumbe.

"Baba kasema ni kwa muda," nikamwambia.

"Muda gani?"

"Hakusema."

Mvua zilikuwa zimekolea. Mama alianza kupika akiwa amejifunika nailoni kichwani, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine unashikilia nailoni isidondokee motoni. Ndipo siku moja akaja Mama Shija, jirani yetu Msukuma ambaye watu wake walihamia na ng'ombe kutoka huko Shinyanga, kutuletea maziwa. Mimi nilikuwa nyuma ya kihenge nabangua karanga. Hawakuniona.

"Mama Dafro, kulikoni unapika mvuani?"

"Muulize mwenzangu," mama akajibu.

"Mwenzio yupi?"

"Yule wa shambani. Kanichukulia karai, kanichukulia mabati, sasa kanichukulia na mume. Baba Dafro anashinda kwake, anakula kwake, mara nyingine analala hukohuko. Mnene, mdomo wazi, hashibi."

Mama Shija akacheka. "Basi mfukuze."

"Nitamfukuza vipi na mwanaume kahamia? Mimi ndiye nitaondoka. Ninyeshewe tena kwenye ugali, mara moja tu, nabeba wanangu naenda kwa kaka Kakese."

Nilisikia kila neno na nikaelewa kila neno. Baba alikuwa ameoa mke mwingine na kumweka shambani. Kuoa wake wawili haikuwa ajabu, kwa kina Shija penyewe walikuwa wawili na mboga wanachuma pamoja. Kilichoniuma ni kwamba hatukuambiwa, na kwamba mwanamke huyo, ambaye hata hajaja kutusalimia, alikuwa analalia chaga zangu.

Siku iliyofuata mama alinituma nipeleke chakula. Nilibeba ugali na kisamvu kwenye bakuli lenye mfuniko, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikusudia kumwamkia vizuri, kwa sababu tulifundishwa hivyo, kisha nimwambie kuhusu jiko. Nilipokaribia kichuguu nikasikia sauti ya baba kutoka ndani, ya upole ambao sisi tulikuwa tunausikia tukiwa na homa tu.

"Tulia, mama. Tulia hivyohivyo. Usinipasukie leo." Kiganja kikapapasa kitu. "Unaona ulivyopendeza?"

Nilipiga hodi kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

"Karibu," baba akasema bila wasiwasi wowote, jambo lililoniudhi zaidi.

Ndani kulikuwa giza na kunanuka udongo mbichi. Baba alikuwa kifua wazi, tope hadi masikioni, anapapasa ukuta kwa kiganja. Khanga kuukuu ya mama ilikuwa imening'inizwa mlangoni kuzuia upepo. Hakukuwa na mtu mwingine. Nikatazama pembeni, nikatazama nyuma ya bomba la mabati, ambalo nililitambua kwa rangi yake.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Mama mdogo."

Baba aligeuka akatazama nyuma yake, kana kwamba huenda kweli yupo. "Mama mdogo yupi, mwana wanje?" akauliza, akiniita mwanangu kwa Kirundi.

Nikamweleza. Aliponisikia nikisema mnene, mdomo wazi, hashibi, midomo yake ilianza kucheza na alikuwa anaelekea kucheka. Nikaendelea hadi kwa mjomba wa Kakese. Hapo akaacha. Alikaa chini kwenye lile tope.

"Kakese? Kasema ataenda Kakese?"

"Akinyeshewa tena kwenye ugali."

"Kamwambia nani?"

"Mama Shija."

"Mimi hajaniambia," akasema, na alisema kama mtu aliyeonewa. Hapo ndipo, ninapokumbuka leo, damu inanichemka. Mwanamke anapika chini ya nailoni, na wewe unangoja uambiwe.

Alilitazama bomba. Mtu mwingine angelibomoa palepale na kubeba mabati nyumbani kichwani. Baba alilitazama bomba, akatazama nje kwenye shamba ambako majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa manjano pembezoni, akapiga hesabu yake ya ndani. "Majani yameiva," akasema. "Yakingoja yataozea shambani. Tukaushe hili moja tu, halafu narudisha mabati. Wewe usimwambie mama."

"Nisimwambie nini?"

Alifikiri. "Chochote."

Tukachuma, tukafunga majani kwenye fito hadi vidole vikawa na utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni wala mchanga, bani likajaa, moto ukawashwa. Baba akahamia huko kabisa. Kukausha tumbaku si kama kukausha mboga. Kwanza unawasha moto mdogo hadi majani yawe manjano, kisha unaongeza yakauke uso, na mwisho unaongeza zaidi hadi mshipa wa katikati uvunjike kama kijiti. Ukikosea katikati ya safari hakuna kurudi. Kwa hiyo baba hakurudi nyumbani, na mvua nayo haikuwa na sababu ya kutungoja. Ilikuja na upepo siku ambayo mama alikuwa amesonga ugali wa mtama, ikapeperusha nailoni hadi kwa kina Shija, ikajaza sufuria.

Mama aliumwaga ule uji kwa kuku. Asubuhi alifunga nguo kwenye kitenge, akamfunga mdogo wangu mgongoni, akanikabidhi chungu cha kupikia mboga, tukatoka. Njia ya Kakese haikupita shambani kwetu. Tulizunguka. Mama alisema si vizuri mtu kuondoka bila kuaga.

Tulimkuta baba mbele ya mdomo wa moto, macho mekundu, ndevu zimetoka. Nikamwamkia. Aliuona mzigo kichwani kwa mama na nadhani aliuelewa, lakini alikuwa katika siku za moto mkubwa, na baba katika siku za moto mkubwa hakuwa mtu wa kuongea naye.

"Nimekuja kuaga," mama akasema.

"Njoo unuse kwanza."

"Baba Dafro, nimesema nimekuja kuaga."

"Nimesikia. Nusa kwanza, halafu uage."

Kulikuwa na tundu dogo ubavuni alilokuwa analiziba kwa kitambaa. Alikitoa. Mama alimtazama kama mtu anavyomtazama mlevi aliyemwomba amshikie baiskeli, kisha akainama, mzigo ukiwa bado kichwani. Akanusa. Akabaki pale muda mrefu kuliko alivyohitaji. Mimi nilichungulia chini ya mkono wake nikaona fito za juu, majani yamening'inia kimya, manjano kama ndizi sokoni.

Hapo ndipo ukuta ulipopasuka. Ulilia kama mtu anavyovunja kijiti gotini, juu ya mdomo wa moto, pale bomba lilipoingia. Ufa ukafunguka, moshi ukaanza kuingia ndani badala ya kupita. Baba alikimbilia tope. Tope lilikuwa limekauka. Akakimbilia ndoo, na ndoo ilikuwa tupu. Akasimama katikati, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona baba hana la kufanya.

"Mabati yangu yamo humo," mama akasema. Hakuwa anauliza.

"Yamo."

"Yakiungua nitaezekea nini?"

Mama alitua mzigo. Alinipa mdogo wangu, akachukua kile chungu mikononi mwangu, akaenda nacho kwenye dimbwi la mvua lililokuwa kando ya matuta, akarudi akamimina maji kwenye tope, akapandisha kitenge na kuingia na miguu. Alikanyaga kwa hasira na nadhani hasira ilisaidia, maana lilikuwa tope laini ajabu. Baba alilibeba kwa mikono na kulipiga kwenye ufa.

"Udongo wa kichuguu ukiwa peke yake unapasuka," mama akasema huku anakanyaga. "Nilikwambia uchanganye nyasi."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia mwaka jana."

"Mwaka jana lilikuwa bani lingine."

"Udongo ni uleule."

"Haya, niletee nyasi basi."

"Nyasi zitoe mwenyewe, mimi niko kwenye tope."

Waliendelea hivyo hadi jua likavuka kichwa, wanagombana bila kutazamana, na ufa ukazibwa, ukafunguka, ukazibwa tena. Katikati ya hayo baba, kwa sababu yeye hakuwahi kujua wakati wa kusema jambo, akasema: "Dafroza alikuja hapa kumtafuta mke mwenzio."

Mama aliacha kukanyaga. "Kumtafuta nani?"

"Yule mnene."

Alinigeukia. Mimi nilikuwa nimekaa na mtoto kwenye mzigo, tayari kulia. Mama alianza kucheka. Alicheka hadi akaegemea ukuta, ukuta ukamuunguza, akautoa mkono akaendelea kucheka, machozi yanachora njia kwenye tope la mashavu. "Ulimkuta?" akaniuliza.

"Sikumkuta."

"Yupo. Mtazame vizuri."

Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba sikuwa nimekosea kama nilivyodhani. Siku hiyo niliona tu kwamba jua linashuka na hakuna anayeutazama ule mzigo tena. Hatukufika Kakese.

Natamani niseme mambo yalikwisha vizuri. Fito za chini zilikuwa zimeungua. Za juu zilitoka nzuri sana, baba akazipeleka kwenye chama akiwa amevaa shati la Jumapili, akarudi nazo zote. Karani alimwambia hawezi kununua tumbaku ya mtu ambaye hajajiandikisha msimu ule. Baba alikuwa amesahau kujiandikisha. Alikuwa anachimba kichuguu. Alitueleza hayo akiwa mlangoni, bado ameshikilia baiskeli, na mama akasikiliza hadi mwisho, akaingia jikoni kwake, ambako mabati yalikuwa yamerudi, meusi, yamejikunja, yana matundu mapya, na tangu hapo yakawa yanadondosha matone meusi kwenye chakula chetu kila mvua. Akasonga ugali. Tukala.

Baba aliyanyunyizia yale majani maji kidogo yalainike, akayapanga kwenye sanduku la mbao, akayafunika kwa gunia, akayakandamiza kwa jiwe la kusagia la mama, akasukuma sanduku chini ya kitanda chao. Alisema tumbaku ikilala muda mrefu inakuwa tamu. Mama alisema ananuka tumbaku hadi kanisani. Lakini baba alikuwa mtu wa kuanza mambo, na baada ya muda mfupi akalisahau sanduku, akaanza kuzungumzia mizinga ya nyuki. Aliyekuwa analivuta nje, kuondoa jiwe, kutoa majani na kuyapanga upya, ya chini juu na ya juu chini, alikuwa mama. Kila mara alilalamika. "Itaota ukungu ndani ya nyumba yangu," alikuwa anasema. Tukalima tena, tukavuna tena, na sanduku likawa bado liko pale. Siku moja akiwa anayageuza aliinua jani puani, akalishikilia, akaniita ninuse na mimi. Ule ukali ulikuwa umekwisha. Kulikuwa na asali mle.

Tulikwenda nayo mnadani, siku ya mnada wa ng'ombe, mama mbele na bakuli la kupimia, mimi na mtoto, baba nyuma na kikapu. Tulikaa upande wa wauza karanga, mbali na vumbi la ng'ombe. Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Kisukuma, mrefu, ana kiko kiunoni kimefungwa kwa kamba. Alichukua jani, akalikunja, likakunjika bila kuvunjika. Akalinusa kwa pua moja, akalinusa kwa nyingine. Akasokota kipande kwenye kiko, akaomba moto kwa mchoma nyama, akavuta, akafumba macho. Sisi wote tulikuwa tunamtazama mdomo.

"Nani kaikausha hii?" akauliza.

Baba alivuta pumzi na kusogea mbele hatua moja. Ningeweza kuyasema maneno yake kabla hajayasema: kichuguu, mchwa, ufundi.

"Mimi," mama akasema.

Bibi akamgeukia baba, kama wateja wanavyofanya wanapotaka kuhakikisha kwa mwanaume. Baba alimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mbele, kwenye vumbi la ng'ombe, bakuli limetulia mapajani. Baba alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akakohoa.

"Ni yeye," akasema.